Chakula cha Anayenyonyesha

Gwalugano wa Ibaba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mlevi au mpiga mke, watu wangejua pa kumweka. Lakini alikuwa mchapakazi, kanisani hakosi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: nguruwe wake.

Mwaka uliopita jike lake lilizaa vizuri, kisha maziwa yakakatika. Vitoto vikavuta chuchu tupu, vikafa kimoja baada ya kingine, na Gwalugano akavizika nyuma ya banda huku machozi yakimtoka kweli kweli. Bwana mifugo alipopita akamweleza bila kupindisha maneno: nguruwe mwenye mimba hatoshelezwi na maganda ya viazi, na akishazaa ndiyo kabisa, maana anakula chake na cha watoto. Apewe mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa ya mifugo na madini ya pakiti. Gwalugano aliyapokea maneno hayo kama mahubiri.

Basi mimba iliyofuata aliihudumia. Alishuka sokoni Isongole kununua dagaa wa mifugo, wale wenye mchanga na harufu, akapanda nao mlima gunia likiwa begani. Ili awapate, aliuza maharage ya nyumbani, kisha mayai, kisha na kuku wenyewe. Mkewe Tumpale, ambaye naye alikuwa mjamzito, alimwomba abakize walau debe moja la maharage.

"Vumilia, mke wangu," alimjibu. "Mchumia juani hulia kivulini. Vitoto vikizaliwa vikakua, utakula unachotaka."

Tumpale akavumilia. Akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Pendo, na haikupita wiki jike nalo likazaa. Bandani kukawa na shangwe. Ndani ya nyumba mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Kliniki muuguzi alimpima, akatikisa kichwa, akamgeukia Gwalugano.

"Baba, mtoto haumwi. Mama ndiye asiyekula. Mpe maharage, mayai, dagaa. Maziwa hayatoki hewani."

"Sawa, dada," alisema Gwalugano kwa heshima zote. Yalikuwa maneno yale yale ya bwana mifugo, ila safari hii yaliingia sikio hili yakatokea la pili. Sijui mtu anafanyaje hivyo. Jioni ile wakala ugali na majani ya maboga, kama jana na juzi.

Haukupita muda, dagaa wa bandani wakaanza kupungua kuliko alivyowapima. Jike likachongoka mgongo, vitoto vikagombania chuchu. Gwalugano akaapa kwamba kuna mwizi, na shaka yake ikamwangukia jirani, Zebedayo, kwa kuwa naye alifuga nguruwe. Jumapili, watu wakitoka ibadani, akamkabili.

"Mzee Zebedayo, chakula cha mifugo yangu kimeota miguu, na nyayo zinaelekea kwako."

Zebedayo, mtu mwenye wajukuu, alibaki ameshika kofia mkononi. "Mungu anakuona, Gwalugano," alisema, akaenda zake. Tumpale alikuwa hapo hapo, mtoto mgongoni. Aliinamisha uso.

Siku ya soko Gwalugano aliondoka tena kwenda Isongole, lakini mvua ikamrudisha njiani. Akapitia bandani kwanza, kama kawaida yake. Tumpale alikuwa amechuchumaa kando ya hori, ungo mapajani, akichambua dagaa kutoka kwenye pumba. Wengine alikwisha kuwaosha, wamo ndani ya sufuria. Mmoja alikuwa mdomoni. Hakukimbia, alimeza kwanza.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba Pendo."

"Nimemwita mtu mzima mwizi mbele ya kanisa zima, kumbe wewe!"

"Nilitaka kusema siku ile. Nikaona aibu. Ningesemaje, kwamba mke wako anakula kwenye hori?" "Sikuchukua wote. Nilimwachia na yeye. Sote tunanyonyesha."

Hapo Gwalugano angeweza kuiokoa nyumba yake. Neno moja la huruma lingetosha, hata kunyamaza kungetosha. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vile vitoto vilivyojibana tumboni mwa mama yao.

"Unataka na hawa wafe kama wale wa mwaka jana?"

Tumpale alisimama taratibu. "Na huyu je?" Akamgeuzia mgongo ili amwone mtoto. Kichwa kilikuwa kimelala upande, shingo nyembamba, na macho yalimtazama bila hamu ya kulia. Gwalugano alikuwa hajamtazama hivyo tangu azaliwe. Mkewe akaingia ndani kufunga nguo. Mvua ilipokatika akateremka kwao, bondeni, na mtoto wake.

Nyumba ikapoa. Gwalugano alikwenda kwa Zebedayo kuomba radhi. Mzee alimsamehe, ila hakumkaribisha kiti. Akasikia Pendo amelazwa kituo cha afya, kisha akasikia ametolewa. Mwishowe akaamua kuwafuata. Mkono mtupu haurudishi mke, naye ndani hakuwa na kitu, vyote aliuza. Akafungua gunia la nguruwe, akachagua dagaa wakubwa wakubwa, akawaosha, akawaanika, akawafunga kwenye mfuko mpya. Njia nzima alijiambia kuwa dagaa ni dagaa tu.

Aliwakuta uani. Tumpale ameketi kwenye mkeka, bakuli la maharage pembeni, Pendo yuko kifuani. Mtoto bado alikuwa mwembamba, lakini alinyonya bila kuachia. Gwalugano alisikia anavyomeza, akatamani kulia.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe wake.

"Marahaba."

"Nimewafuata, mama Pendo. Nimekuletea na dagaa."

Tumpale hakunyanyua uso. "Umeninunulia mimi, au umewapunguzia wale?"

Gwalugano alifungua mdomo. Uongo ulikuwa karibu kabisa, lakini haukutoka. Mama mkwe akauchukua mfuko mkononi mwake, akaufungua, akanusa. Hakumtukana. Akazunguka nyuma ya jiko akawamwagia kuku, akarudi, akampa mkwewe mfuko mtupu, ameukunja vizuri.