Kidogo Mara Tatu

Ukitaka kunipandisha hasira kabla sijavaa ovaroli, ingia gereji ya baba yangu useme, "Fundi, niongezee nguvu kidogo tu." Kidogo kiasi gani? Hakuna anayejua. Kazi yangu ni kuunganisha kompyuta na injini za malori na kuzipangia nguvu, na kwenye kompyuta sijawahi kuona tarakimu inayoitwa kidogo.

Bingwa wa neno hilo ni shemeji yangu, mume wa dada. Miaka kumi na miwili aliendesha malori ya watu, mwaka jana akapata la kwake. Si jipya, lakini analiosha hadi nyuma ya magurudumu. Wiki ile alikuwa ameahidiwa kazi ya kupeleka saruji kwenye mji ulio juu ya mlima, na safari ya kwanza ndiyo ilikuwa mtihani. Akishindwa kupanda na mzigo kamili, kazi inakwenda kwa mwingine. Akiunguza injini, hana kazi wala lori. Ndiyo maana siku hiyo nilimvumilia.

"Shemeji, kwenye ile kona ya mwisho linaishiwa pumzi," alisema. "Niongezee kidogo."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Nguvu ni dizeli na hewa. Tabo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini, ndiyo inayosukuma hewa ndani, na mimi kwenye kompyuta naamuru dizeli iingie kiasi gani. Dizeli ikiizidi hewa, moshi unakuwa mweusi na joto linapanda. Joto likipitiliza, pistoni zinayeyuka, na hapo hata ukiomba msamaha hakuna wa kukusikia.

"Naongeza asilimia nane," nikamwambia.

"Kumi na tano."

"Nane."

"Una roho ngumu, shemeji."

"Ndiyo. Na pistoni zako zinanishukuru."

Nikamfungia na geji ya joto la moshi kwenye dashibodi, nikachukua rangi ya kucha ya dada na kuchora mstari mwekundu kwenye nyuzi mia saba. Nikamwapisha: sindano ikigusa hapa, mguu unatoka kwenye mafuta.

Asubuhi ya safari nilipanda naye nikaangalie kazi yangu. Baba naye akasema anakuja, eti anyooshe miguu, kana kwamba ndani ya lori kuna pa kunyoosha chochote. Dada akapanda kwenye kile kitanda cha nyuma ya viti, eti hajawahi kuuona mji wa juu. Nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Tulipoanza mlima, lori lilipanda kama halina kitu. Shemeji akaanza kuimba. Mimi nikatazama kioo cha pembeni nikaona moshi mweusi tii, nikatazama geji: mia sita na hamsini. Kwa asilimia zangu nane, pale ilipaswa kuwa mia sita. Mara mia sita na tisini. Mara sindano ikagusa rangi ya kucha.

"Mguu juu!"

"Ngoja kidogo, tumalize kona..."

"Mguu juu, au nazima mwenyewe!"

Akainua. Tukaegesha kwenye uwanja wa pembeni, injini ikinguruma taratibu ili tabo ipoe. Nikaanza kuzirudia hesabu zangu kwa sauti, moja baada ya nyingine, nikitafuta nilipokosea.

Baba akakohoa. "Mwanangu, hesabu zako ziache. Mimi niliikaza nati ya presha ya dizeli. Mizunguko miwili tu. Alikuja akaniomba, nikamwonea huruma."

Nikageuka kumtazama. Mzee aliyenifundisha kushika spana!

"Basi na mimi niseme," sauti ya dada ikatoka kitandani. "Kuna kisanduku nilimnunulia dukani, cha kuchomeka kwenye nyaya za injini. Muuzaji alisema kinaongeza nguvu kidogo."

Tukamgeukia shemeji sote watatu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na lori limesimama.

"Nilijua mtakataa," akasema. "Ndiyo maana nikamwomba kila mmoja peke yake, angalau apatikane wa kukubali. Sasa mmekubali wote, kosa langu liko wapi?"

Nilitaka kumtukana. Badala yake kicheko kilinitoka hadi mbavu zikauma, na baba akafuata, na dada akajigonga kichwa kwenye dari. Tunampenda mtu huyu, na kwa mapenzi hayo tulibakiza kidogo tu tumwunguzie maisha yake.

Baba akaingia chini ya lori na spana, akairudisha nati. Dada alichomoa kisanduku kwa mikono yake mwenyewe na kukitupia mkobani. Asilimia zangu nane nikaziacha zilivyo. Tukaondoka.

Kona ya mwisho, lori jingine likatupita likipiga honi, dereva akitupungia mkono kama anayeaga wagonjwa. Shemeji akauma meno, akakanyaga. Sindano ikaanza kupanda: mia sita na sabini, mia sita na themanini. Lori likawa linapungua mwendo, na tukisimama pale mtihani umekwisha.

Akaitazama geji. Mguu wake ukainuka wenyewe. Akashusha gia moja, halafu nyingine, na nikamsikia akiiambia injini, "Haya, twende unavyoweza." Tukaimaliza kona kwa mwendo ambao mtu angeweza kushuka, akafunga kamba za viatu na kupanda tena. Sijawahi kumwonea mtu fahari namna ile.

Msimamizi wa ghala alikuwa getini na saa yake. "Umechelewa dakika arobaini," akasema. Akazunguka lori, akachungulia chini, akasikiliza injini. "Wa jana tulimvuta kwa kamba. Kesho uwe hapa saa mbili, na keshokutwa, na kila siku."

Shemeji alitukumbatia mmoja mmoja, macho yamejaa machozi, baba mara mbili. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kesho nakuja peke yangu," akasema. "Nyinyi ni mzigo mkubwa mno."