Miguu ya Nyuma ya Farasi wa Mwanamfalme

Kila Wesaki, sikukuu ya Buddha, kijijini kwetu tunaigiza usiku ule mwanamfalme Siddhartha alipoliacha jumba la baba yake, mkewe na mtoto wamelala bila kuagwa, akaenda kutafuta mwanga, mpaka akawa Buddha. Na kila mwaka mimi ndiye miguu ya nyuma ya farasi wake. Msinicheke! Kuinama ndani ya shuka, matako ya Somapala, miguu ya mbele, yako mbele ya pua yako, si kazi ya kila mtu.

Mwaka huu mwanamfalme alikuwa mdogo wangu Nilantha. Mkewe Damayanti akawa mke wa mwanamfalme, na kichanga chao wenyewe kikawa mtoto wa kuachwa. Sasa, Nilantha alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Katari, mkataba wa miaka miwili. Asubuhi alinivuta pembeni.

"Kaka, kesho njoo na bajaji kabla hawajaamka. Nikimwona Damayanti analia, siondoki."

"Yaani utoroke kama mwizi wa kuku?"

"Mwanamfalme mwenyewe si alifanya hivyohivyo?"

"Mwanamfalme alikwenda kuwa Buddha. Wewe unakwenda kufunga mabomba ya vyoo!"

Akanuna. Nami nilikasirika kwelikweli, maana shemeji yangu alikuwa ameshapanga kumpikia wali wa maziwa wa kumuaga.

Jioni uwanja wa hekalu ulifurika, taa za karatasi zinaning'inia kila mti. Nilantha akasimama kando ya kitanda, Damayanti na mtoto wamelala juu yake. Desturi ni atazame mara moja, asiguse, ageuke apande farasi. Hakugeuka. Mimi na Somapala tukapiga kwato chini kumkumbusha kwamba farasi yupo. Wapi!

"Nenda!" Mwalimu Wijepala, msimamizi wa mchezo, alimnong'oneza kwa ukali. "Usipokwenda hatuna Buddha!"

Watu nao wakadakia: "Nenda, bwana wetu, nenda!" Nikachomoza kichwa nje ya shuka nione kuna nini, farasi akawa na kichwa cha pili matakoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nilantha yeye hakucheka. Alipiga magoti. "Damayanti, amka. Nilitaka kukukimbia alfajiri ukiwa umelala. Sina roho hiyo."

Damayanti akafumbua macho. "Nilijua, mjinga wewe. Begi umelificha kwenye bajaji ya kaka yako, na shati lako linaning'inia nje." Akamwekea mtoto mikononi. "Mshike. Mbusu vizuri. Kesho utakula wali wangu, ndipo uende. Na urudi."

Nilantha akambusu mtoto, analia na kucheka kwa pamoja, na mimi mle ndani ya shuka nikalia pia, kwa furaha. Mwalimu Wijepala alishika kichwa, mchezo umeharibika.

Ndipo Bibi Podimenike, mkongwe kuliko wote kijijini, akasimama mstari wa mbele, mikono juu, akapaza sauti kama tunavyosifu tendo jema hekaluni.

"Sadhu! Sadhu! Maisha yangu yote namwonea huruma yule mke wa mwanamfalme. Leo ameagwa!"