Paa Lililomjibu Mwewe

Yule dobi alikuwa na sheria moja tu kazini, na kila asubuhi aliitangaza kama taarifa ya habari: nguo nyekundu haigusani na nyeupe. Mashuka ya hoteli yaliingia mashineni meupe, yakatoka meupe, yakapandishwa ngazi hadi juu ya paa na kuanikwa mpaka macho yanauma.

Ndiyo maana enzi zile alichagua shuka jekundu liwe ishara. Mwanawe, waliyemwita Mwewe tangu alipokuwa mdogo anajirusha kutoka juu ya kabati, alikuwa rubani wa jeshi. Kila akipita juu ya mtaa aliinamisha bawa, kushoto, kulia. Mama yake naye alitandaza lile jekundu katikati ya meupe. Maana yake: nimekuona, mwanangu. Basi.

Vita vikaja. Siku moja ndege ikapita, ikainamisha bawa. Dobi akatandaza shuka, akashuka jikoni anaimba. Kumbe waliopita ni wenzake Mwewe, wamekuja kumuaga mama yake kwa niaba yake. Ndege ya Mwewe ilikuwa imeshadunguliwa jana yake, kijana hata ndevu hazijamkolea. Wanajeshi walipobisha hodi kuleta habari, walimkuta anacheka.

Shuka likaingia sandukuni. Tangu hapo dobi hakutazama juu tena. Akianika, kichwa chini. Hata mvua alijua inanyesha ikishamlowesha.

Sasa, Mwewe aliacha mke mjamzito. Akazaliwa binti, na binti huyo, damu si ni ileile, akakua akaenda kusomea urubani. Bibi hakumkataza. Alimpikia, akamfulia ovaroli, ila neno ndege halikutamkwa mezani. Cheti binti alikipata, sifa alizipata. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: bibi yake kumtazama akiwa juu.

Ikafika siku ya kuwakumbuka marubani waliokufa vitani. Binti ndiye aliyechaguliwa kuruka peke yake juu ya mji, na njia yenyewe inapita juu ya nyumba yao. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimfuata bibi kwenye beseni.

"Nitainamisha bawa, bibi. Naomba unijibu."

"Wewe mke mwenzangu, mimi nina mashuka ya hoteli," bibi akasema, macho kwenye povu. "Sina muda wa kutazama vyuma."

Binti akaenda kulala.

Kesho yake akapaa. Akaupita mnara wa maji, akaipita karakana ya magari, paa la kwao hilooo linakuja, na moyo unamwenda mbio kushinda injini. Akainamisha bawa kushoto. Kulia. Akachungulia.

Paa lilikuwa la pinki. Lote, kamba zote, utadhani bustani imepanda ghorofani! Na katikati, shuka jekundu limetandazwa, na juu yake bibi amesimama, uso angani, amevua kilemba anakipunga kama kichaa.

Mwalimu wake wa urubani, aliyekuwa anamfuatilia kutoka uwanjani, akamuuliza kwenye redio mbona kimya, kuna tatizo?

"Hakuna tatizo, mwalimu," binti akajibu, machozi yanamtiririka hadi shingoni. "Nimeonekana."

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amekaa sakafuni, pasi kaiweka pembeni, mbavu hana kwa kucheka. Simu ilikuwa inaita mfululizo, meneja wa hoteli huyo, na hakuna wa kuipokea. Mama ndiye aliyesimulia: shuka lilitoka sandukuni na vumbi la miaka yote ile, bibi hakutaka kulitandaza chafu, akalitumbukiza mashineni. Na mashine ilikuwa imejaa mashuka ya hoteli.

Binti akamgeukia bibi. "Wewe? Na sheria yako? Ulisahau kweli?"

Bibi akajifunga kilemba upya, taratibu, kwa maringo.

"Baba yako alikuwa na macho ya mwewe, jekundu moja lilimtosha. Wewe umechukua macho ya mama yako. Nikaona niongeze."

Mama akacheka upya, akamrushia soksi.

Asubuhi iliyofuata bibi alianika kichwa juu, shingo imenyooka, anaitazama mbingu kama ameazimwa na anatakiwa kuirudisha. Alipiga teke ndoo mbili, akajikwaa kwenye kapu la vibanio, na hakushusha uso hata kidogo.