Mistari ya Ubavuni

…na huyu wa kulia, Mama Pacha, anavuta kama anang'oa magugu, huyu wa kushoto mkono wake mwepesi lakini hasemi kitu, anacheka tu ya mwenzake, na mimi katikati yao nimeinamishwa kichwa, naona magoti yangu, zulia la plastiki na chanuo lililoanguka ambalo hakuna anayeliokota, na siyo mtindo niliousema, huo ndio ukweli, nilisema mistari ya kwenda nyuma, moja kwa moja, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, nilisema kwa mdomo wangu nikaonyesha na kwa mkono, Mama Pacha akaitikia haya dada yangu, na mstari wa kwanza tu akaukata kwenda ubavuni, nikauona kwenye kioo kabla hajanisukuma kichwa chini, nikajua kabisa kwamba kakosea, nikasema nini? Sikusema kitu. Nikajiambia labda ataunyoosha mbele ya safari. Mstari ulioanza ubavuni hauwezi kunyooka mbele ya safari, najua hilo, mtu mzima na akili zangu, halafu ukaja wa pili, nikasema sasa nikimwambia atafumua, atanuna, na mwenzake atanuna, nitasukwa na watu wawili walionuna, basi nikanyamaza, na wa tatu, na sasa ni nusu kichwa, nusu nzima imelalia upande, na picha ya bango ni leo, kama itapigwa, kama nitakwenda…

"Inama kidogo, dada yangu," anasema Mama Pacha, nainama, nimeinama tangu nilipofika, nikizidi hapa nitaingia chini ya kiti, na yeye anaendelea na habari zake za wifi yake mwenye mchumba wa tangu enzi na enzi, "kila mwaka anaambiwa mwakani, mwakani, mwenzangu, mpaka gauni lenyewe la harusi limegoma kumwingia," na wa kushoto anacheka mpaka rasta inamtoka mkononi, nami ningecheka siku nyingine, leo sicheki, leo kabla ya saa kumi jina langu liwe limefika kwa Mzee Kofia, mwenyekiti wa tawi la chama, mtu ambaye sijawahi kumwona kichwa wazi hata msibani, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akakataa kuketi, akasema bibie, watu wa mtaa wanakutaka wewe ugombee udiwani, sio mimi ninayesema, ni wao, lakini kazini uwe umeshaaga, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu shirika letu haliruhusu mtu agombee huku amekalia kiti chake, unaaga kwanza ndipo unagombea, na ukishindwa hurudi. Hurudi. Na bosi naye, nani alimwambia sijui, kaniita juzi kafunga mlango kanimiminia na maji ya kunywa, kaniambia mama, mkuu wa kitengo anastaafu, kiti kile ni chako, tulia tu, usijichafue na siasa, tulia tu… hiyo tulia tu nimeimbiwa tangu naingia pale msichana, nikatulia, akateuliwa mwingine, nikaambiwa tulia zamu ijayo, nikatulia, mimi nikipewa zawadi za utulivu nitahitaji kabati la kuziwekea.

Ai! Hapo kwenye sikio. Sisemi kitu. Kazi yangu mimi ni hatari, wakiniuliza watoto wa dada yangu unafanya kazi gani mama mdogo nawaambia hatari, wanacheka, lakini ndiyo yenyewe, mtu akitaka bima ya duka lake natumwa mimi, naangalia paa, naangalia nyaya za umeme zimepita wapi, nanusa kama kuna petroli imefichwa mahali, nauliza mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi, halafu narudi nasema huyu anabebeka, apewe bima, huyu habebeki, wananiamini, nikisema habebeki hata bosi habishi, na hizo ni hatari za watu, yangu mimi sijawahi kuipima hata moja, nimejipangia maisha ambayo hayana cha kupima, sabuni ile ile, njia ile ile, hata huyu mume nilimkubali baada ya kumchunguza mpaka mama yake akaniuliza kama nanunua ng'ombe. Na yeye ndiye aliyenikasirisha kuliko wote. Mtu mzuri, fundi friji wangu, sina neno naye, lakini jana mezani nikamuuliza, sasa huyu Mzee Kofia nimjibu nini, akapangusa vidole, akasema, "Wewe unaonaje?" Nakuuliza wewe, nikamwambia. "Mimi nitakuwa upande utakaokuwa wewe, mke wangu." Jamani, hilo nalo ni jibu? Nikamwambia mshahara wangu ukikosekana je, akasema tutabana, nikamwambia nitatukanwa majukwaani, akasema hilo lazima, watakutukana sana, nikamwambia na nikishindwa, akasema, "Utakuwa umeshindwa," kisha akauliza kama kuna chai imebaki kwenye chupa. Chai! Nikalala nimempa mgongo, na yeye akakoroma vizuri tu, mgongo wangu haukumsumbua hata kidogo. Mama ndiye alinipa jibu lililonyooka, kwa simu, kwa sauti ile ya kusikika mtaa wa pili, mwanangu kazi unayo, mume unaye, meno unayo yote, unatafuta nini tena kwenye midomo ya watu?

Natafuta nini. Ukuta, mama. Ungeniuliza vizuri ningekwambia natafuta ukuta mmoja uvunjwe, siasa yangu yote ndiyo hiyo, sina nyingine, ukuta wa ghala la diwani wetu, Bwana Tabasamu tunamwita, anatabasamu hata akikunyima, kaupandisha juu ya mtaro nyuma ya soko, mtaro wenyewe kauziba nusu, na mvua ikinyesha maji yanafika pale yanakosa pa kwenda, yanageuka, yanaingia kwenye vibanda vya nyuma, kila masika, na kila masika natumwa mimi na buti zangu kwenda kuangalia hasara ambayo naijua kabla sijafika. Fundi cherehani wa pale kwenye kona, ndiye aliyenishonea sare za shule nilipokuwa mdogo, masika ya kwanza cherehani zake zilizama, nikaandika alipwe, akalipwa, masika yaliyofuata zikazama tena nikaandika asilipwe, sikuwa na njia, masharti ya bima yako wazi, hatari iliyojulikana haifidiwi, mtu akishajua maji yatakuja na akabaki pale pale, hasara ni yake. Nikamweleza nimesimama kwenye tope lake. Hakunipigia kelele, laiti angenipigia, alinifutia kigoda kwa kanga yake nikae, akasema, "Nilijua ndiyo, mwanangu. Sasa nifanyeje, niuhamishe mtaro kwa mikono?" Na nikaondoka na hasira mpaka usukani ukawa unateleza mikononi, hasira na Tabasamu, hasira na bosi, hasira na halmashauri nzima ambayo kila mmoja mle ndani anaujua ule ukuta, anaupita asubuhi, anaupita jioni…

"…sasa mimi nikamwambia wifi yangu, huyo mwanamume humpotezi, kwa sababu hunaye," anasema Mama Pacha, na mwenzake kwa mara ya kwanza anafungua mdomo, "Naye akasemaje?" "Analia tu! Anasema anaogopa kuanza upya. Upya wa nini, nikamuuliza, umeanza nini?" Wanacheka, kiti kinatikisika, na kichwa changu kinakwenda nao huku na huku. Hivi ningekuwa nimetumwa kujikagua mwenyewe, duka ni mimi, ningeandika nini? Tunaanza siku zote na lile swali, kikitokea kibaya kabisa mwenye duka atabaki na nini mkononi. Haya. Nimeaga kazi, nimegombea, nimeshindwa, Tabasamu anatabasamu, mama haongei nami mpaka apate mafua ndipo anipigie. Nabaki na nini? Nabaki na mume wa friji, nyumba ndogo lakini yetu, macho yangu ya kuangalia paa na nyaya, na makampuni binafsi ya bima yamejaa mjini yanatafuta wenye macho hayo, nilishafuatwa na moja nikaiambia nimetulia, kwa hiyo nitaumia, nitaaibika kidogo, lakini sizami, ningeandika huyu anabebeka. Anabebeka! Na hiyo hesabu nilikuwa nayo kichwani tangu juzi, siyo ngeni, sasa kwa nini siondoki, kwa nini nimelala nimempa mtu mgongo kwa sababu ya chai…

Kwa sababu nilitaka anikataze. Ndiyo. Lo, kumbe. Nilitaka aseme hapana mke wangu, mimi sitaki mambo hayo, ili nibaki kwenye kiti changu na hasira niwe nayo kwake, nimnunie miaka, niseme mimi ningekuwa diwani isingekuwa huyu, na yeye akaninyima, kaniachia lote mkononi mwangu, ndiyo maana ningeweza kumpiga na chupa ya chai. Na ile hesabu nayo niliikosea, siyo upande wa kwenda, upande wa kubaki, kwenye kubaki niliweka sifuri, nikachukulia kwamba ukikaa hupotezi kitu, na kijana anayejifunza kazi kwangu akiniletea ukaguzi wa namna hiyo ningemrudishia. Kubaki kuna hasara zake na ninazijua moja moja, masika yatakuja, nitavaa buti, nitakwenda kusimama kwenye tope la yule mama wa cherehani nimwambie tena halipwi, atanifutia kigoda, nitarudi ofisini niambiwe tulia, na nikizeeka nikalia nimepotezewa maisha, nani atanisikiliza? Nilijua. Niliuona mstari wa kwanza kwenye kioo. Hatari iliyojulikana, najiambia, na umebaki pale pale.

"Mbona kimya hivyo, dada yangu," anasema Mama Pacha, "nakuumiza?"

Hapana, ulimi unaanza wenyewe, umezoea njia, nimeshafungua mdomo kuisema… na nausimamisha. "Ndiyo," nayaambia magoti yangu, maana ndiyo ninayoyaona, "unaniumiza hapo sikioni. Na nilisema mistari ya kwenda nyuma." Mikono minne inasimama kichwani kwangu. "Nyuma?" anasema. "Mbona hukusema tulipoanza?" Niliogopa, namwambia, na kusema hivyo kunanishangaza, kama vile nimeshapanda jukwaani. Wa kushoto anaguna. Mama Pacha anavuta pumzi, nasikia anavyoipima kazi yote ile, halafu anasema, kwa unyonge kidogo, "Basi tufumue, dada yangu, tuanze tena?" na kufumua ni mpaka magharibi, na saa kumi haingoji mtu anayefumuliwa, na kichwa ni nywele tu, zinaota. Nitaonekana kwenye bango nimelalia upande, watasema huyu hata nywele hajui anazipeleka wapi, waseme, hiyo naibeba. Nitapita kazini kwanza, niage.

"Usifumue," nasema, "malizia hivyo hivyo, ila usivute. Nina mahali pa kufika kabla ya saa kumi."

"Haya," anasema, na vidole vinaanza tena, polepole sasa, mstari mwingine wa ubavuni, na chanuo bado liko pale pale sakafuni. "Inama basi, tuwahi."

Nainama.