Siku Fupi ya Kuketi Chini

Nuru ya Desemba huingia Acocks Green, huku ughaibuni kaskazini, kwa kusitasita, kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Saa mbili na robo asubuhi ndiyo kwanza inagusa mapaa, na hapo Nabintu alikuwa keshasugua ofisi nne za watu mjini, keshapanda basi, keshafika kwake. Ndani ya basi viti vilikuwa vitupu. Hakuketi.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu simu ya Bukavu imwambie mama yake hayupo tena.

Kwao, aliyefiwa hukaa chini. Viti hutolewa nje, mkeka hutandikwa, watu huja kukaa naye kutwa nzima. Nabintu alilijua hilo, na ndilo alilolikimbia. Mkeka ukishatandikwa, basi, msiba umekuwa msiba. Asipoketi, mama yake bado yuko kule Kadutu, mtaani kwao Bukavu, anapepeta mchele, anagombana na kuku wa jirani. Kwa hiyo hakumwambia mtu yeyote mtaani. Alipiga deki, alifua mapazia yaliyokuwa safi, akayafua tena. Hakuketi.

Lakini uchovu hauna adabu. Asubuhi ile ya tarehe ishirini na moja, mwaka 2004, aliegemea ukuta kwenye ngazi, akajipa ahadi: leo nitamlilia, nikimaliza kazi, kabla jua halijatua. Akauhesabu mchana kama auhesabuvyo mtu wa Bukavu, ambako jua huchwa saa kumi na mbili, iwe Juni iwe Desemba, wala halina ujanja. Maskini, siku yenyewe ilikuwa fupi kuliko zote za mwaka. Akaanza na jiko, akahamia chooni, akafuta kabati za juu. Alipoinua uso dirishani ilikuwa saa tisa na nusu, na mchana ulikuwa unaondoka bila kumuaga.

Aliikasirikia nchi hii inayompunja mtu mchana wake. Na ndani ya hasira, tuseme ukweli, mlikuwa na ahueni: basi, itakuwa kesho.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kamlesh, jirani wa ukuta mmoja, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, amevaa sari nyeupe ya msiba chini ya koti zito. Francine, bintiye Nabintu, ndiye aliyempasulia habari. Kamlesh aliingia moja kwa moja. Alisukuma kochi ukutani, akatandika shuka jeupe juu ya zulia, akavua viatu, akajishusha pole pole na magoti yake ya miaka sitini na tisa. Kumbe kwao nako hukaa chini.

“Nimekuja matanga,” alisema. “Keti, mama.”

Nabintu alibaki wima, kitambaa cha vumbi mkononi. Alitaka kukimbia, na nyumba ilikuwa ndogo.

“Nikiikala chini, Mama Kamlesh, atakuwa amekufa ya kweli.”

“Najua. Keti tu.”

Akaketi. Kilio cha siku kumi na moja kikamtoka kwa Kimashi, lugha ya kwao ambayo Kamlesh hakuijua hata neno, na kwa kila neno Kamlesh akawa anaitikia. Nuru ikaondoka chumbani, wala hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Nabintu alilia mpaka usingizi ukamchukua pale pale juu ya shuka, na aproni kiunoni. Kamlesh hakumwamsha.