Mlio Mbele ya Mkwe

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Kasoli na mizani zao, mmoja wao, Fredrick wa kutoka Bukoba, alipanga nyumba jirani na kwa Milembe. Alikuja na mkewe Generoza, watoto wao, jenereta na televisheni. Jioni watoto wa kijiji walijazana sebuleni kwake kutazama kanda za katuni. Iliyopendwa kupita zote ilikuwa ya nguruwe mnene mwenye kaptula: kila akiketi hujamba, kiti kikavunjika, kuku wakazimia.

Ng'washi, kitinda mimba wa Milembe, mtoto wa miaka saba, aliijua katuni ile yote. Akirudi nyumbani alibana kiganja kwapani, akautoa mlio ule ule, kisha akagaagaa kwa kicheko. Kwa Generoza hiyo ilikuwa burudani. Wanawe waliigiza mezani na baba yao akawajibu kwa mdomo. Kwa Luhende, mume wa Milembe, haikuwa ya kuchekwa. "Siku nikiusikia uchafu huo mbele ya watu," alisema, "nitamchuna mtu ngozi."

"Mama Lucy, si watoto tu hawa?" Generoza alimuuliza Milembe siku moja kisimani. "Kwani nyie hamjambi?"

"Tunajamba. Lakini mbele ya mkwe, bora ufe."

Msimu huo huo binti yake mkubwa, Lucy, aliposwa na Selestini, mwana wa mzee Ndalahwa wa Kiloleli, mtu ambaye ng'ombe wake wakienda kunywa lambo lilibaki tope. Siku ya kukamilisha mazungumzo mzee alikuja mwenyewe na ndugu zake. Wakaandaliwa ugali, kuku na maziwa mgando, na mzee akayarudia maziwa mpaka kibuyu kikalia kitupu. Walipomaliza, Milembe alipiga magoti ubavuni mwake na birika ili amnawishe.

Mzee akainamia beseni. Mlio ukatoka, mrefu, wa kujikokota, ukaishia na kimluzi. Harufu ilimfika Milembe puani kabla hajawahi kubana pumzi.

Mikono ya mzee ilibaki hewani ikichuruzika maji. Milembe aliyaona yote kwa mara moja: mzee ataondoka na aibu yake, posa itavunjika, na Lucy atabaki binti wa nyumba alikoumbukia mkwe. Mlangoni Ng'washi alikuwa akimenya karanga, viganja vyote viwili vimejaa maganda.

"Ng'washi!" Milembe akapaza sauti. "Mchezo wako wa katuni umeuleta mpaka mbele ya wakwe?"

Mtoto akainua macho. "Mama, si mimi."

Mzee Ndalahwa akashusha pumzi, akajifuta mikono polepole. "Televisheni zimewaharibu," akasema. "Luhende, samaki huyu asipokunjwa leo, hakunjiki tena."

Luhende alikwisha kushika fimbo. Alimchapa pale pale mbele ya wageni, na kila fimbo ilipotua mzee alisema, "Bado, huyo hajasikia." Ng'washi alilia "si mimi, si mimi" mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akalia "nimekoma", na hapo mzee akaridhika.

Generoza alifika mbio uani akihema. "Jamani! Kwa kujamba tu? Mtoto?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini macho yake. Luhende akamfukuza kama mbwa. Kisha wanaume wakarudi vitini, na mazungumzo yakaisha vizuri sana.

Jioni Milembe alimkanda mwanawe mgongo kwa maji ya chumvi.

"Mama, ulikuwa karibu naye. Ulisikia."

"Nilisikia. Nyamaza."

Lucy alipoolewa, ilibidi aende na mdogo wake wa kumsaidia kazi. Mzee Ndalahwa mwenyewe alimtaja Ng'washi. "Mleteni yule. Nitamfunza adabu." Milembe akamfungia nguo zake kwenye kanga.

Mwaka uliofuata alikwenda Kiloleli kumwona mjukuu. Akakuta wageni wamejaa. Ng'washi alipita na sinia la viazi, amerefuka, amekonda.

"Mnamwona huyu?" mzee akasema. "Ndiye aliyenijambia kwenye posa ya mwanangu!" Wageni wakaangua kicheko. Akamgeukia Milembe. "Au nasema uongo, mama Lucy?"

Lucy alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akimsihi mama yake kwa macho.

"Kweli kabisa, baba," Milembe akasema, akacheka pamoja nao. "Alikuwa mtundu huyo!"

Asubuhi, kabla ya kwenda kusubiri basi, alimwita Ng'washi amuage. Mtoto akaja, akapiga magoti mavumbini, akamwamkia kwa heshima zote kama anavyoamkiwa mgeni, akauliza kama kuna kitu anahitaji aletewe.