Jino la Kumi na Saba

Siku mbili nzima tanuru lilikuwa limefungwa, na siku hizo mbili Mama Tanuru, kama karakana yote ilivyomwita, hakupata lepe la usingizi. Mle ndani mlikuwa na gia ya winchi ya mgodini, ile inayoshusha lifti ya mumewe na wenzake kila asubuhi. Gia ilikuwa ikilishwa nitrojeni polepole kwenye moto, mpaka ngozi ya chuma iwe ngumu.

Kazi hiyo ina mwiko mmoja: chuma kikishasafishwa hakishikwi kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole huizuia nitrojeni isiingie, na hapo chuma hubaki laini. Sasa mwone yeye, miaka kumi na moja akiwagombeza wengine kwa hilo, kavua glavu ajikune pua! Gia ikayumba kwenye mnyororo ikiingizwa tanuruni, akaizuia kwa kiganja. Aliifuta, akajiambia yamekwisha. Moyo ukakataa katakata.

"Una nini wewe? Hata chai humalizi," mumewe alimuuliza nyumbani.

"Kichwa tu."

Kichwa! Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kisingekuwa chake.

Siku ya kufungua, mgodi ulimtuma mumewe huyo huyo kuichukua gia. Akasimama mlangoni akitania, "Haraka basi, mama, wanaume wamekaa juu wanaota jua kama mijusi."

Mama Tanuru akashika tupa, akajaribu jino moja baada ya jingine. Tupa iliteleza tu, haikukwaruza kitu. Kumi na sita, salama. La kumi na saba, tupa ikauma.

"Hili ni laini," akasema. "Nililishika kwa mkono mtupu. Gia haiendi popote, inarudi tanuruni."

Bosi wa karakana akaja juu. "Jino moja tu! Mengine yatalibeba."

"Hayalibebi. Litalika, litakatika, na lifti ina watu kumi na wawili."

Mumewe aliichukua tupa, akalijaribu jino mwenyewe. Kisha akapiga simu mgodini: "Leo hakuna anayeshuka."

Akamgeukia mkewe, utani wote umemtoka.

"Mke wangu, kama mimi nisingekuwa ndani ya lifti ile, ungesema?"

Alifungua mdomo ajibu ndiyo, na sauti haikutoka.